Batoto Benye Kukatala Kijiko

Mugongo yangu njo ilinitosha inje ya kazi, haiko miaka. Munganga Kabeya aliangalia picha ya mifupa mu mwangaza ya dirisha, alisema: "Mama Feza, nyungu ulibeba, batoto ulibeba, sasa tua." Nilitua. Bale tulianzaka nabo bangali na nguvu ya kuuzisha makala mu soko, na miye naikala ku kiti na kitambaa ya moto ku kiuno sawa nkambo mwenye kuzeeka.

Nadège, mwenye alikamata fasi yangu ku jiko, njo aliniomba niandike namna ya kulisha batoto benye kukatala kula. Nilimuambia masomo yangu iliishia ku mwaka ya tatu ya primaire. Alisema: "Andika sawa venye unasemaka, Mama, shiye tutasikia." Basi kama kuko makosa, mumuulize Nadège. Na kama kuko majina ya bantu benye habatapenda kuyasoma, ile iko yangu, Nadège hayumo.

Kwa benye habajui: santre yetu ya kulishia batoto iko Ruashi, upande ya mine ya shaba, kwenye mavumbi inaangukia hata mu buji kama haukufunika nyungu. Tunapokeaka batoto benye banaanza kutembea, bale balishaachishwa mabele lakini chakula haiyakuwa bado rafiki yao. Bamama banakuya nabo asubui. Mutoto anapachikwa mu ile kaptula ya kupimia kilo yenye kuninginia ku boriti, anafungwa mukanda ku mukono kwa kujua kama mule kuko nyama ao mufupa tu, kiisha anakuya kwangu. Kupima iko kazi ya munganga. Kula njo ilikuwa kazi yangu.

Siku ya kwanza, mbele ya kuingia, nilizani mule ndani banaua bantu. Mama moja alilalisha mutoto yake ku mapaja, alifanya mukono sawa kikombe ku kinywa yake, alimimina buji, na bidole mbili bilifunga pua. Mutoto alimeza, juu hakukuwa njia ingine ya kupata pumzi. Wengi ya kwetu tulikomea vile. Yule mama aliniona, alisema: "Weye mupya, kuya, shika miguu." Nilianza kusogea. Sauti moja ilitoka nyuma ya nyungu.

"Acha miguu. Acha na pua."

Ule alikuwa Mama Zaina, mukubwa ya jiko. Mwanamuke ya kwabo Maniema, kitambaa ku kichwa, bwana yake fundi ya kushona. Sauti yake ilikuwa kidogo sana. Kama anakukemea, unapashwa kuinama juu ya kusikia. Alikamata mutoto, alimuikalisha ku kiti ya chini, na yeye mwenyewe aliikala chini ku sima, macho ku macho.

"Mama, uyu alimeza juu ya njaa?"

"Alimeza, Mama Zaina. Angalia bakuli, haiko kitu."

"Alimeza juu ya kupumua. Kesho ataona bakuli, hataona chakula. Ataona bidole yako ku pua yake. Weye, kama bwana yako anakulisha vile, utakula?"

"Bwana yangu?" Yule mama alicheka. "Ule hata kunipatia kijiko hawezi."

"Basi uko na bahati."

Kiisha Mama Zaina alitia buji kidogo ku kijiko, aliiweka karibu na kinywa ya mutoto, hakuigusisha, alingoja. Nilikuwa sijaona bado muntu anangoja vile, hata ku foleni ya maji. Mutoto alilia, alipumua, aliangalia kijiko, aliangalia Mama Zaina, aliangalia tena kijiko. Mwisho alifungula kinywa yeye mwenyewe. Njo kazi yote nilijifunza, ingine iko kuongeza chumvi tu.

Sasa niseme juu ya nini ile mambo ya kulazimisha na kunyima chakula inanichomaka roho, halafu sitairudilia.

Miye niko mutoto mwenye alinyimwa chakula. Meno yangu ya utoto ilikuwa inaanza kuanguka. Nilipata homa, nilikatala bukari ya unga ya mahindi, na mudogo yangu Feza alinifuata: kitu naacha, na yeye anaacha. Tantine Eugénie, dada ya baba yangu, alikuwa na duka yenye ilianguka na alikuwa anatafuta mwenye aliiangusha. Alisema mutoto mwenye anakatala chakula ya muchana iko anakula kwingine usiku, na balozi, bale benye kuloga bantu, mu bulozi. Pasta Jérémie, mwenye alikuwa na chumba ya maombi nyuma ya soko, alisema batulete, tufunge kula na kunywa mpaka tutaungama. Na baba yangu Mwamba alitushika mukono, huyu huku, huyu kule, alitupeleka. Bantu batatu: Eugénie, Jérémie, Mwamba. Bote balizikwa na nyimbo muzuri na bantu balisema balikuwa bacha Mungu. Miye naandika majina yabo hapa ili kukuwe fasi moja kwenye haikusemwa vile.

Feza hakutoka mule chumba. Miye nilitoka juu nkambo yangu, mama ya mama yangu, alishuka kutoka Pweto na kitunga ya samaki ya kukauka, alisikia habari, alikuya kuvunja kufuli na jiwe. Alinipatia maji ya samaki ku ncha ya kidole, tone na tone, hakunisukuma hata mara moja. Nyuma ya pale, ku nyumba ya baba hakuna mwenye alikubali kula kitu yenye mukono yangu iligusa. Nilikuwa nabeba sahani, bantu banageuza macho. Nkambo tu njo alikula. Mwana yangu ya kwanza nilimupatia jina ya Feza, njo maana munaniita vile.

Tuache benye kufa, tuongee bijiko.

Kijiko ya chuma kubwa haifai, inagonga meno na inabeba mingi kupita kinywa. Tafuteni ile kidogo, na mutoto mumupatie ya pili ashike yeye mwenyewe. Ataitupa, ataipiga ku meza, ataitia mu sikio. Achani. Mwenye kushika kijiko anazani njo yeye anakula, na siku moja inakuwa kweli. Musimupanguse uso kila mara. Mutoto anachoka na kitambaa mbele ya kuchoka na chakula. Mugeni mumuikalishe karibu na mulafi. Kila mwaka santre inapokea mulafi moja, na ule anafanya kazi kupita shiye bote. Na biskuti mbele ya chakula, hapana, hata kama analia sawa siren ya mine.

Samaki kidogo ya kukauka, ile inatokaka Pweto, mutoshe kichwa juu inatia buchungu, mukaange bila mafuta, mutwange, muchunge. Unga yake inaingia mu buji pamoja na kalanga ya kusaga na mafuta ya ngazi, ile ya mawese, kidogo. Majani ya lengalenga muikate ndogo kabisa. Yayi ya kuku pia. Bamama ya hapa banakatalaka, banasema mutoto mwenye anakula yayi atakuwa mwizi. Mi najua baizi ya Ruashi, tulikomea nabo. Hata moja hakukulaka yayi, balikuwa na njaa tu.

Hata kule Golf, mutaa ya batajiri, niliitwa mara moja, kwa madame moja ya nyumba ya etaji, juu ya mutoto mwenye alikuwa anakula yogati tu. Nilikuta mufanyakazi anamufuata mu kiwanja nzima na bakuli ku mukono moja na telefone ya katuni ku mukono ingine, bote babili na jasho. Nilisema: zima ile, na simama. Mutoto aliona hakuna mwenye anamukimbiza, alikuya mwenyewe kuangalia kuko nini. Kukatala ya Golf na kukatala ya Ruashi iko moja, ni sahani tu njo ya bei.

Mu ile miaka kuko sheria moja Mama Zaina alifundisha bamama kupita yote: kila mutoto na sahani yake. Mu manyumba mingi batoto banakula pamoja mu beseni moja. Bale bakubwa banakuwa na mukono kubwa na mbio, mudogo anabakia na bidole ya kulamba. Mupatie yake, tia chakula ya kumutosha, utaona alikula ngapi. Mama Zaina alifundisha vile mpaka alirudia kwabo, na mi nilifundisha nyuma yake, na ninyi muendelee. Iko sheria muzuri. Lakini sasa nitawaelezea mutoto mwenye ile sheria ilikuwa inamufungia njia.

Jina yake Ilunga. Mama yake Mado alikuya naye bado anatembea, na nyuma ya juma moja mutoto alianza kuikala tu. Baba yake alienda Kolwezi kutafuta kazi ya kuchimba, alikuwa hayarudia bado. Mutoto alikatala buji, bukari, samaki, yayi, hata kile kipande ya muwa banamupatia ku njia. Na hakulia. Bale benye kulia, mi nabaelewa. Uyu alikuwa anafunga kinywa bila hasira, anaangalia sahani yake yenye kujaa, anaangalia mulango, anangoja. Munganga Kabeya alimuchunguza damu, kinywa, tumbo. Homa haiko, kidonda haiko, minyoo alishamupatia dawa. Kilo ilikuwa inashuka. Mi nilifanya yote yenye niliandika huku juu, ku mustari na mustari. Haikusaidia kitu.

Siku ya pili ya juma, Tantine Odile aliingia. Dada mukubwa ya baba ya Ilunga. Kitambaa mupya, mukoba ku mukono. Alisimama pa mulango, kiti alikatala.

"Anakula?"

"Bado, Tantine," Mado alijibia.

"Bado ya nini? Mwezi nzima bado? Mado, muntu mwenye hana njaa alishakula. Mutoto yako anakulia wapi?"

Mado aliangalia chini.

"Pasta Gédéon anatungojea. Siku ya posho, siku ya sita, asubui nitakuya kumubeba, siku ya Mungu anaanza maombi. Atafunga juma moja, chakula na maji. Atasema yeye mwenyewe kwenye anakulaka na mwenye anamupikiaka kule."

Mwiko ilianguka mu nyungu. Nilisema: "Afunge nini, Mama? Mule hakuna kitu ya kufunga. Angalia mukono yake."

Aliniangalia kutoka kitambaa ya kichwa mpaka bilato ya ku miguu.

"Weye mupishi. Pika."

Jina ilikuwa Odile, lakini ile sauti ilikuwa ya Eugénie. Nilisikia harufu ya kile chumba.

Munganga Kabeya alimufuata mpaka inje, alisema naye na heshima, alimuambia mutoto mwenye mukono sawa ile akikosa maji juma moja, hatarudia. Odile alijibia jamaa ya baba njo inaamua, na baba hayuko, basi yeye njo baba. Munganga alirudia ku jiko, aliikala ku gunia ya makala na blouse yake mweupe.

"Mama Feza, mulango ya santre naweza kuisimamia. Mulango ya kwabo, siwezi. Kama anaanza kula mbele ya posho, batakosa la kusema."

"Na kama hakule?"

Alinyamuka, alirudia kupima batoto.

Kesho yake muchana, batoto bote balishakula ao kukatala, niliikala pembeni ya mbabula ya makala na sahani yangu. Bukari na lengalenga. Ilunga alitoka ku mama yake, alikuya kusimama mbele yangu, mikono nyuma. Hakuniangalia miye, aliangalia sahani. Nilifinyanga tonge kidogo, nilimunyooshea. Alirudi nyuma, alitikisa kichwa, uso sawa ya muntu mwenye unamuambia aibe. Basi nilikula. Na yeye alisimama. Kiisha mwenye kuuzisha makala aliniita ku mulango ya inje, niliweka sahani chini, nilienda.

Kurudia, Ilunga alikuwa anachuchumaa pembeni ya sahani yangu. Alikuwa anakula mabaki. Polepole, na adabu, na kidole moja alikuwa anapangusa muchuzi ku pembeni mpaka sahani ilingaa. Nilisimama pale pale na kigunia ya makala ku mukono. Niliogopa hata kutua.

Nilimuita Mado na macho. "Usiseme kitu. Angalia."

Alifunika kinywa.

"Mado, bwana yako, wakati iko ku nyumba, anakulaka namna gani?"

"Sawa babaume bote. Peke yake ku meza. Kiisha anamubakishiaka uyu."

"Anamubakishia nini?"

"Mwisho ya sahani. Tonge moja ao mbili, nyama kidogo, muchuzi. Anamuita: 'Ilu, kuya kukamata ya kwako.' Ule mutoto anangojaka pa mulango, hata kama mi namupatia mbele, hakulaka. Njo chakula yake, ya baba. Tangu alienda Kolwezi..." Aliangalia mulango. Kiisha alisema kwa sauti ya chini: "Mama Feza, iko anamungojea."

Ule mutoto hakukatala chakula. Kwa macho yake, sahani yenye kujaa iko ya mukubwa mwenye hayakula bado. Na shiye, na mapendo yetu yote na sheria yetu ya sahani, tulikuwa tunamuwekea kila siku chakula ya muntu mwingine, na yeye, mutoto ya adabu, alikuwa anaichunga.

"Basi weye njo utakula," nilimuambia Mado. "Na utamubakishia."

"Miye? Nikule mbele ya mutoto mwenye kukonda vile? Hawa bamama bataniona namna gani? Wifi yangu atasema nakulaka chakula ya mugonjwa!"

"Kula."

"Sina njaa, Mama Feza."

"Unaona fasi mutoto yako alitoa ile kukatala."

Alicheka na machozi. Alikamata sahani, alijigeuza ku ukuta, alikula haya yake pamoja na bukari. Kiisha aliweka chini, na alisema ile maneno ya bwana yake: "Ilu, kuya kukamata ya kwako." Mutoto aliangalia mulango mara moja tena. Kiisha alikuya.

Kesho na kesho kutwa tulifanya vile kila chakula. Mu ile mwisho ya sahani nilificha kalanga, nilificha unga ya samaki, nilificha yayi. Mado alikuwa anakula kidogo, anabakisha mingi. Munganga alimupachika tena mu ile kaptula ya kilo, alishika kamba isitikisike, aliangalia.

"Haikushuka," alisema.

Haikupanda, haikushuka. Nilishaka kusikia bantu banapata mwana, banashangilia kidogo kupita vile tulishangilia ile asubui.

Siku ya posho Odile alifika na mukoba bila kitu ndani, ya kutilia manguo ya mutoto. Santre ilikuwa yenye kujaa. Munganga Kabeya alisimama pa mulango. Ilunga alijificha nyuma ya kikwembe yangu ya kujifunga. Nilizani Mado atanipatia mutoto na kukimbia, juu uso yake ilikuwa sawa majivu. Lakini alikuya ku nyungu, alinyoosha sahani, nilimutilia bukari na samaki, na alienda kuikala katikati ya nyumba, mara hii haiko na uso ku ukuta. Alianza kula.

"Eee, angalieni!" Odile alipiga makofi. "Mutoto anakonda, mama ananenepa! Nilisema nini?"

Bamama bamoja balicheka. Mama moja alisema: "Mado, hauna haya?" Mado alikula. Alitosha mwiba ku samaki, aliiweka pembeni, alikula tena. Hakuharakisha. Kiisha alisukuma sahani mbele yake.

"Ilu. Kuya kukamata ya kwako."

Nilisikia kikwembe yangu inaachiliwa. Ilunga aliangalia tantine yake, aliangalia ule mukoba, aliangalia sahani. Alivuka nyumba yote peke yake, miguu myembamba, alichuchumaa, alikula. Alikula tonge, alikula samaki, alilamba kidole, alikula tena. Hata mulafi yetu ya ule mwaka aliacha sahani yake juu ya kuangalia.

Halafu alisimama. Kulibakia tonge moja, na kipande ya samaki juu yake. Nilijisemea: basi, alishakatala tena. Lakini alinyanyua sahani na mikono mbili. Alitembea nayo, inainama huku na huku, mpaka mbele ya Tantine Odile. Aliiweka chini ku miguu yake.

"Ya kwako," alisema. Ilikuwa neno ya kwanza nilimusikiaka.

Mule ndani bote balijua. Mutoto mwenye banamuita mulozi, kitu aligusa haikuliwi. Kama Odile anaiacha, aliishasema mbele ya bote kama mutoto iko mulozi, na atamubeba. Kama anakula, maneno yake iliisha. Ile sahani mi naijua, niliibeba mu nyumba ya baba yangu na hakuna mwenye aliipokea. Mukono yangu ilienda yenyewe kuikamata. Niliirudisha. Haikubakishiwa miye.

Odile aliangalia bamama. Aliangalia munganga. Mwisho aliangalia Ilunga, mwenye alikuwa anamuangalia kutoka chini, mikono nyuma, anangoja, sawa venye alikuwa anangojaka. Na najua kile aliona, juu ule mutoto alikuwa na macho ya baba yake, na baba yake alikuwa mudogo ya Odile, na labda mu utoto yabo yeye njo alimubakishiaka chakula.

Aliinama, kikwembe ilimubana. Alikamata tonge na bidole mbili tu. Aliitia mu kinywa. Alitafuna kwa muda murefu. Alimeza.

"Inakosa chumvi," alisema.

"Niko mupishi," nilimujibia. "Nitaongeza."

Alikamata mukoba yake vile vile bila kitu ndani, alienda. Kuomba masamaha, hakuomba, wala kwa Mado wala kwa mutoto. Pasta Gédéon naye angali na chumba yake na bile baspika bikubwa, na bamama ya Ruashi bajue: ule njo anafungisha batoto benye kukonda kula. Nitamutaja mpaka nitaacha kupumua.

Baba ya Ilunga alirudia mbele ya mvua, mikono mitupu lakini muzima. Mutoto alijifunza sahani yake mwenyewe polepole: Mado alikuwa anabakisha mapema, kiisha mapema zaidi, mpaka siku moja alionja tu na kumusogezea yote. Leo iko ku masomo, na anakula sawa kamyo ya mine, ile ya magurudumu kumi, inakunywa mafuta.

Basi ninyi benye munabakia, mutapata batoto benye sikuona na namna ya kukatala yenye sijui. Mbele ya kuandika "anakatala kula", muulize alikuwa anakula na nani, aliikala wapi, na nani alitoka ku nyumba. Pua musifunge. Na kama muntu anawaambia mupike, mupike, lakini musiache kuangalia.

Siku yangu ya mwisho mulinipikia kuku. Mulinitilia firigisi, ile kwetu inapewaka baba tu. Nadège alisema leo baba ni miye. Nilikula na furaha, kiisha nilinyamuka, na Nadège alifuata kutosha sahani, alikuta kulibakia nusu ya firigisi na tonge moja. Nilimuona anahuzunika. Nadège, mwana, haikuwa juu ya mugongo, na haikuwa mubaya. Ilikuwa na chumvi ya kutosha. Ilikuwa ya kwako.